Dole Gumba Kwenye Kioo cha Ndege

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichokabidhi kaunta
Umri: miaka 52
Kazi: mwandishi wa makala za gazeti
Makazi: ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, pamoja na mama yangu mzazi
Kielelezo: ndege moja ya plastiki, ya kuunganisha, urefu wa shubiri

Nimeonywa niseme kweli tupu, nisitie chumvi. Nimekubali, ingawa chumvi ndiyo kazi yangu.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa na Mama kwenye duka la fundi saa. Tulikwenda kubadilisha betri ya saa yake ya mkononi. Fundi huyo huuza pia vitu vya zamani vya watoto. Wanunuzi wake ni watu wazima wanaovifungia kabatini na kumkataza mtoto asivisogelee. Mimi naona huo ni wendawazimu: kitu kilichotengenezwa kichezewe kinasifiwa kwa sababu hakikuchezewa! Askari ameniambia nirudi dukani. Narudi.

Fundi alikuwa ameshika ndege ya kijivu na kitambaa chenye dawa ya meno. Mama aliuliza anafanya nini. Fundi alijibu, "Mtoto mmoja alipaka gundi kwenye kioo cha rubani akaacha alama ya dole lake hapa. Nikilisugua litatoka, kioo king'ae."

Mama aliitazama ndege upande wa kushoto, kisha wa kulia. Akaipokonya.

"Bibi, weka chini, hiyo ni bidhaa."

"Bidhaa ni wewe! Hili ni dole la mwanangu. Dawa ya meno kasugulie meno yako."

Fundi alimshika mkono. Niliingia katikati nikamsukuma bega, akakalia kiti chake. Sikumpiga. Majirani walijaa mlangoni, na saa tano kasorobo tulikuwa hapa kituoni, Mama akiwa bado ameikumbatia ndege.

Nimeulizwa kama naitambua. Naitambua. Mjomba aliileta nikiwa na miaka tisa na kaka yangu kumi na mmoja. Kwenye kifuniko cha sanduku ilichorwa ikipasua mawingu, bunduki zinatema moto. Ndani hapakuwa na wingu wala moto, bali vipande arobaini na sita vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, kama mifupa ya samaki. Nimeishi nikigombana na watu wa vifuniko vinavyodanganya tangu siku hiyo. Lakini kaka hakulalamika. Alikata kila kipande kwa wembe wa Baba, akasugua kingo kwa msasa, akaunganisha kwa gundi ya tyubu iliyotuuma macho.

Namba zilikuwa stika za kulowekwa kwenye kisahani cha maji. Ya kushoto aliibandika sawa: 61. Ya kulia aliibandika kichwa chini, ikasomeka 19. Nilimcheka mpaka nikakohoa. Akasema, "Wewe hujui vita. Adui akiiona kulia na kushoto atadhani ziko mbili." Tazameni kielelezo. Kushoto 61, kulia 19.

Wiki tatu zilizopita nilimhamishia Mama kwangu. Masanduku ya darini kwake niliwapa wanunuzi wa vyuma chakavu bila kuyafungua na bila kumuuliza mwenyewe. Fundi alinunua kwao. Hakuiba, na kosa la kwanza ni langu.

Hapa kituoni, baada ya Mama kumtaja kaka aliyefariki, fundi amesema mbele ya askari: "Kama kweli ni dole la marehemu, mimi sigombani na marehemu. Achukue. Kama si lake, bidhaa yangu irudi." Mama amesema, "La nani tena? Yeye ndiye aliyeimaliza."

Nimeulizwa dole ni la nani. Niliomba maji. Nimeinuka mara mbili nikakaa. Askari ameniuliza kama kiti kina misumari.

Kaka alipougua homa, kilikuwa kimebaki kipande kimoja, kioo cha rubani. Wazazi walipokuwa wakimtoa kwenda hospitali, siku ya Jumanne, alininyooshea kidole: "Usiguse mpaka nirudi." Alhamisi nikagusa. Nilitaka aikute tayari, ashangae. Gundi ilinitapakaa, nikakibonyeza kioo kwa dole gumba la kulia. Ijumaa wakarudi bila yeye.

Mama aliikuta ndege imekamilika, akaamini kaka aliimaliza kabla ya kuondoka. Akawaambia waombolezaji: "Mwanangu hakuacha kazi nusu." Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, vidole bado vinanata. Ni miaka arobaini na mitatu. Nimeandika makala zisizo na idadi za kuwasuta waongo, hii sikuiandika.

Dole ni langu.

Nimeambiwa lazima nisomewe maelezo haya kwa sauti kabla ya kutia saini. Mama yuko kwenye benchi, hatua tatu kutoka mlango huu, na masikio yake hayajazeeka. Naomba mlango ufungwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na hayo ndiyo niliyoyaficha. Sina mengine.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi haya yote kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Mlalamikaji, yaani fundi saa, naye amesomewa sehemu ya dole, peke yake. Aliuliza kama mama amesikia. Nikamjibu hapana. Akasema, "Basi asisikie." Mlalamikaji amefuta malalamiko yake saa saba na dakika kumi mchana. Kielelezo amekabidhiwa mama. Kioo hakikufutwa.