Masikio ya Baba

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama anauliza kama lile sweta lilikutosha au alikosea mikono tena.

Nakuandikia kwa agizo la Baba. Anaomba umtafutie daktari wa masikio hapo hospitalini kwenu, maana anasema yake yamekwisha. Pia nikujulishe kwamba mwisho wa mwezi anamkabidhi karakana msaidizi wake, yule tunayemwita Msumari. Nilipomuuliza haraka ya nini, alisema fundi spika asiyesikia atawaharibia watu sauti bila kujua.

Ilikuwa hivi. Tulipewa kazi ya spika mbili kubwa za ukumbi wa mikutano. Kila moja ina besi ya sauti nzito chini na twita ya sauti nyembamba juu. Sauti ya besi na ya twita zisipofika pamoja, maneno yanamezwa pale zinapokutana. Miaka yote Baba amezipatanisha kwa futi na sikio. Safari hii nikamwomba tutumie programu ya kupimia niliyoipata shuleni. Maelekezo yake yako kwa lugha ya shuleni, na hapa nyumbani ni mimi tu ninayeyaelewa, basi nikajikuta bosi bila kupenda.

Kompyuta inahitaji mahali pa kuanzia kuhesabu muda. Nikachagua spika ndogo ya redio, nikaiweka juu ya kigoda. Inatoa mlio mfupi, kisha besi inalia, na maikrofoni inapima imechelewa kiasi gani. Halafu mlio uleule tena, kisha twita. Unalinganisha namba mbili, unaichelewesha ile inayotangulia, basi.

Baba aliposikiliza alikunja uso. Akasema mtu anasikika kama anazungumzia ndani ya ndoo. Msumari akacheka, akamwambia, mzee, kompyuta haizeeki, labda hiyo ndoo umeivaa wewe. Baba naye akacheka. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nina uhakika na namba zangu. Nikajibu ndiyo. Tangu siku hiyo anawasha redio, anaisogelea, anaizima. Juzi Mama alimkuta amefumba macho, anasugua vidole karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia tena.

Dada, masikio ya Baba ni mazima. Nilipomaliza kupima besi, mlinzi wa ukumbi alikuja amebeba viti, akataka nimpishe. Unanijua mimi na watu. Kumwambia tu azunguke nilishindwa. Nilikiondoa kigoda, kisha nikakirudisha kwa kukisia, nikapima twita. Maelekezo yanasema wazi kwamba spika ya kuanzia isisogee hata kidogo, na mimi niliyasoma. Niliposema ndiyo, nilikuwa najua. Msumari alikuwa ananitazama, nikaogopa kuchekwa.

Leo asubuhi nilimwomba mlinzi anifungulie ukumbi. Nikachora chaki kuzunguka miguu ya kigoda, nikapima yote upya. Namba zilionyesha nilikuwa nimekikosea kigoda kwa shubiri moja. Shubiri tu, Dada! Nikaingiza namba mpya, nikamwomba mlinzi aseme chochote kwenye maikrofoni. Akatusomea orodha ya viti vilivyovunjika, na kila neno lilifika safi mpaka mlango wa nyuma.

Kwa hiyo daktari usimtafute. Kumwambia Baba uso kwa uso nimejaribu mara tatu, na mara zote nimeishia kumuuliza kama anataka chai. Lakini unajua barua za nyumba hii lazima azipitie yeye kabla hajazipeleka posta. Hii nitaiweka mezani kwake bila kuifunga, na nitakaa palepale karakana mpaka aimalize. Ikikufikia, ujue ameisoma.

Baba, ukifika hapa, nisamehe. Ulisikia sawasawa.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu wote wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba