Kanula na mafuta ya maombi

Jumanne, siku ya tisa ya sindano

Mkono bado unanuka omena. Nimeuosha mara tatu kwa sabuni ya kipande na harufu haitoki.

Jana jioni kina mama wa kanisa walikuja kuniombea huu mguu unaotunga usaha tangu panga linikate kwenye miwa. Mama Ayuma, ambaye siku hizi ndiye hushika chupa ya mafuta, akanipaka mkono wote, hadi juu ya plasta inayoshikilia kanula, kile kibomba cha sindano kilichoachwa mshipani. Nikamwambia, "Mama, hapo pasiguswe."

"Damu ya Yesu haiogopangi plasta, dada."

Wenzake wakaitikia amina. Na mafuta yenyewe yalikuwa ya kupikia, tena yalishakaanga samaki hao wadogo wa omena.

Asubuhi plasta imeachia, kanula imechomoka, shuka lina damu. Nimeenda dispensari hivyo hivyo. Sista amenichoma mara nne akitafuta mshipa mwingine. Hakunigombeza. Alifuta mafuta kwa pamba, akainusa, akauliza, "Nani huwapaka watu hivi?"

Nikasema sijui, wageni tu.

Zimebaki siku tano na mishipa inaisha. Naogopa watanirudisha kulazwa wodini.

Lakini kinachonichefua si Mama Ayuma. Chupa hiyo niliishika mimi kwa miaka mitatu. Niliibeba hata kwa jirani yangu, marehemu Rispa, akiwa na dripu. Nilipompaka aliuvuta mkono wake.

Nikaukamata kwa nguvu, nikaendelea kuomba.