Mtoto Mmoja Mlangoni

Ngagara, Bujumbura

Dada yangu Houda,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini wewe na wenyeji wako huko Uvira mu wazima. Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Hamimu, yule fundi wa magari, ameniambia mpaka umefunguliwa naye anavuka kesho, basi nampa barua hii ikufikie kabla hujarudi. Kwenye simu nakosa ujasiri. Mdomo huu unaoujua, usio na breki, hukauka nikisikia sauti yako.

Wanao wanakua. Nasema wanao kwa sababu ulimwacha Ilias wako kwangu kwa safari ya siku mbili ya kununua vitenge, corona ikakufungia huko, naye akanyonya ziwa langu pamoja na Moubarak wangu. Mtaa mzima unawaita pacha. Watu walinisifu kwamba nimekuwa mama yake kweli, nami nikaringa.

Unakumbuka nilikuambia wote wawili wamechanjwa surua? Nilikudanganya, dada. Walipofika miezi tisa nilikwenda nao kituo cha afya, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Kwa ajili ya corona walikuwa wamekataza msongamano. Muuguzi akanisimamisha mlangoni: "Mama moja, mutoto moja. Ule mwengine utamuleta wiki ingine."

Sikufikiri hata kidogo. Nilimkabidhi Ilias kwa mwanamke aliyekuwa nje, nikaingia na Moubarak. Wiki iliyofuata jirani yetu alipelekwa karantini kwa homa tu, nikaogopa kukanyaga pale tena. Wangu alikuwa ameshapata chanjo, kwa hiyo hofu ilinishinda kirahisi. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Surua ilipoingia mtaani, Moubarak aliendelea kucheza. Ilias aliungua homa, masikio yakatoa usaha. Wewe nilikuambia ni mafua. Alipona, anakimbia, anacheka, anakula chakula cha watu wawili. Lakini daktari amesema masikio yake hayatasikia tena.

Nitukane ukifika, ni haki yako. Ukitaka nisimguse tena, nitakubali, ingawa sijui nitalalaje. Ila ukimwita asipogeuka, usidhani amekusahau. Mguse begani kwanza.

Wasalimie wenyeji wako wote. Mungu akuvushe salama.

Mdogo wako,
Mwanne