Kompyuta Inataka Jina la Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, Mwalimu Restituta, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba unijibu mapema, maana baraza la ardhi la kata linakaa tarehe ishirini na tatu na mimi ndiye niliyebaki nyumbani, na naomba pia unifichie jina kwa sababu haya nitakayoyasema sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili wadogo, nina miaka thelathini na moja, ni Mbarbaig wa Getanuwas kwa kuzaliwa na kwa kuolewa, na nimesoma hadi kidato cha nne. Mume wangu Yonas ameenda kusini na ng'ombe tangu Juni, huko hakuna mtandao, simu yake inapatikana siku anapokwenda mnadani tu, na mara ya mwisho tumeongea ni wiki tatu zilizopita. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alifariki mwaka jana, na kabla hajafariki Yonas alimrekodi kwa simu dakika arobaini, mzee anaeleza njia ya ng'ombe ya kwenda kisimani imepita wapi, mawe ya mpaka yaliwekwa mwaka gani na walikuwepo akina nani, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa amebaki peke yake kati ya wazee walioyaweka, na sasa kuna jirani analima ngano anasema njia hiyo haijawahi kuwepo na ameshachimbia nguzo za uzio. Tukiikosa njia, ng'ombe wetu watazunguka nusu siku kwenda kunywa maji. Simu ilipojaa Yonas akaihamishia ile sauti kwenye laptop yetu ndogo, akaifuta kwenye simu, na nakala nyingine hakuna, na kwa nini hakuna nitakueleza, hiyo ndiyo dhambi yangu.

Mwezi uliopita laptop ilizimika ghafla chaji ya sola ilipoisha, nayo ilikuwa katikati ya kujiongezea mambo mapya, na tangu siku hiyo ukiiwasha inaandika kwamba inajitengeneza, inazunguka, inazima, inarudia pale pale. Nikaipeleka Katesh kwa fundi mmoja anaitwa Theodory, kijana mstaarabu, akaifungua akasema hii ni ya zile ndogo ambazo sehemu ya kuhifadhia vitu imeunganishwa kwenye ubao wa ndani wa mashine, haichomoki, kwa hiyo njia ni kuiwashia kwenye flashi, tuingie kwa mlango huo, tutoe sauti ya mzee, halafu ndiyo apige window, yaani aiwekee upya programu ya kuiendesha. Akachomeka flashi, laptop haikuitazama hata kidogo. Akabadilisha tundu, akaitengeneza flashi upya mara mbili, siku tatu zikaisha. Mwisho akasema aingie kwenye mipangilio ya ndani kabisa ailazimishe isome flashi kwanza, na hapo ndipo ikauliza neno la siri. Theodory akanigeukia: "Dada, shemeji aliweka paswedi humu. Bila hiyo hatutoboi. Unaijua?" Nikasema siijui.

Mwalimu, naijua. Siku anaondoka Yonas aliniambia, "Nimeweka jina la baba tu, hutalisahau." Wanaume wanasahau vitu. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana nalo, tuna maneno mengine ya kuweka badala yake, na mimi kwa miaka tisa sijateleza hata siku moja, hata mzee mwenyewe alikuwa ananisifu. Theodory alipotoka kwenda kunywa chai nikajaribu kuandika lile jina ambalo sisi wakamwana tunamwitia. Ikakataa. Nikaandika mara ya pili na ya tatu, ikajifunga kabisa mpaka izimwe, na ukitaka kujua ukweli, nilifurahi. Baadaye nikasema ngoja niandike lenyewe, hakuna anayesikia. Nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, mkono ukakataa, nikaanza kulia mle dukani kwa watu.

Sasa Theodory anasema kama paswedi haipo, ile laptop yenyewe ina sehemu ya kujirudisha upya, inafuta kila kitu na kuwaka kama mpya. Au niipeleke Babati kwa mtu anayechokonoa kwenye ubao, ila hanihakikishii.

Na dhambi yangu ni hii. Wifi yangu Efrazia, dada pekee wa Yonas, ameolewa Basotu kwa wavuvi na anauza samaki. Baba yake alipofariki yeye alikuwa na mtoto mchanga, akachelewa, akafika mzee ameshazikwa. Alinipa flashi ya bluu akaniambia, "Wifi, nitilie sauti ya baba humu, nami nimsikie." Lakini siku hiyo hiyo alisema mbele ya wanawake kwamba mimi nimesoma mpaka kidato cha nne ila sijui kumkaribisha mgeni maziwa, kwa sababu yeye alifika nikawa nimekaa na watu wa shule, sikumwona. Wote wakacheka. Nikaiweka ile flashi chini kabisa ya sanduku. Amenipigia mara nne, kila mara namwambia nimeshatia, nitamtumia na mtu. Sijatia kitu. Na Theodory alipotaka flashi tupu nilimpa hiyo hiyo ya bluu.

Mwalimu, nifanye nini? Niandike jina tu nifumbe macho? Au hakuna kitufe cha kuliruka hilo neno la siri? Au nimwache afute, nimwambie Yonas imeharibika kwa sola? Silali.

Ni mimi, mama wa Getanuwas

MWALIMU RESTITUTA ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Futa machozi, sauti ya mzee ipo. Kwa dalili ulizoandika laptop yako ni nzima, kilichoharibika ni window peke yake, na vitu vilivyohifadhiwa kwa kawaida havipotei kwa ugonjwa huo. Vinapotea kwa dawa mbaya. Kwa hiyo leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mpigie Theodory umwambie asibonyeze popote palipoandikwa kurudisha upya au kufuta. Asijaribu hata kidogo. Akishafuta hapo, tarehe ishirini na tatu utakwenda barazani na mdomo wako tu, na mdomo wako kwa baba mkwe, tunajua, umefungwa.

Nimefundisha kompyuta Mbulu miaka kumi na minane na swali lako la flashi nimelijibu zaidi ya hesabu. Flashi haina ubaya na fundi wako anajua kazi. Wengi hukopi mafaili kwenye flashi kama mtu anayeweka nyimbo za kwaya, kisha wanashangaa mashine haiwaki; huyu ameitengeneza inavyotakiwa, na amejaribu tundu zaidi ya moja. Kompyuta ikiwashwa hufuata orodha, kama ng'ombe aliyezoea kisima kimoja: huanza na hifadhi yake ya ndani, na ya kwako inaishia hapo kila siku. Ili ianze na flashi lazima orodha ibadilishwe, na mumeo amefunga mlango wa orodha. Alifanya vizuri, maana laptop huibiwa. Kitufe cha kuliruka neno la siri hakipo, na kingekuwepo lisingekuwa na maana. Wakala wa kampuni iliyoitengeneza laptop anaweza kulifungua ukimpelekea risiti, lakini hilo ni jambo la wiki nyingi. Wa Babati mwache. Mtu asiyeweza kukuhakikishia usimpe kitu kisicho na nakala.

Sasa jina. Umeniuliza kama ufumbe macho uandike. Mimi ni Mwiraqw, mwiko huo si wa kwetu, na sitakaa Mbulu na kalamu yangu nikuamrishe uvunje heshima uliyoitunza miaka tisa. Barua yako ina kurasa nne na jina la mzee hukulitaja hata mara moja. Nimekuheshimu kwa hilo. Mkono ukikataa, mkono una sababu zake, uache.

Lakini usijifiche nyuma ya mwiko, mama. Mwiko haukukuambia useme "siijui". Huo ni uongo wako mwenyewe, na umemgharimu yule kijana kazi bure. Jina la mzee si siri. Wanaume wote wa Getanuwas wanalijua, na yeyote kati yao angepanda gari hadi Katesh akaliandika kwa dakika moja, wewe umeangalia ukutani. Hukumwomba yeyote kwa sababu ungeulizwa, "Kwani nakala ya wifi yako iko wapi?" Hapo ndipo mguu ulipokwama. Ungemtilia Efrazia ile sauti mwaka jana, leo nakala ingekuwa Basotu salama salimini na usingekuwa na haja ya kuniandikia. Umemnyima kwa neno moja la maziwa. Alikosea kukusema mbele za watu, sikatai, na msiba haumpi mtu ruhusa ya kuchoma wenzake. Lakini yeye alikukosea mchana mmoja, wewe umemdanganya mara nne.

Kwa hiyo mwenye kuliandika jina hilo ni yeye. Ni binti wa mzee, kwake ni jina la baba tu, halimkatazi chochote. Ningeweza kukutuma kwa jirani na kazi ingefanyika. Nakutuma kwa wifi yako kwa sababu mlango ni wa baba yake na sauti ni ya baba yake, na wewe umekaa katikati kwa muda mrefu.

Nenda Basotu mwenyewe. Usimpigie, simu umeshaizoesha uongo. Mwambie hivi, kwa maneno haya haya ukitaka: "Wifi, sikutia. Nilikasirika. Sasa imekwama na wewe ndiye unayeweza kuitoa." Usitaje maziwa kwanza. Akigomba, mwache agombe mpaka amalize. Hatakataa, hakuna mtoto anayekataa hilo.

Mkifika Katesh, laptop iwe imechomekwa kwenye umeme kabla ya lolote, maana sola imeshakutia hasara mara moja. Theodory achomeke flashi kwanza ndipo awashe, aingie kwenye mipangilio kama alivyoingia, kisha ampishe Efrazia kiti. Wewe toka nje ukipenda. Akishaandika, fundi aipandishe flashi juu ya orodha, ahifadhi, awashe upya. Kuna kipengele cha ulinzi kinachokataa flashi kisizozitambua. Hicho akizime iwapo tu flashi itakataliwa, na akirudishe baadaye. Flashi ikiwaka itamuuliza kama anataka kujaribu tu au kusakinisha. Achague kujaribu. Kusakinisha ni kule kule kufuta, kwa jina lingine.

Ile sauti iwekwe kwenye flashi mbili mpya na kwenye simu ya Efrazia, na isikilizwe mpaka mwisho kuhakikisha haijakatika. Hapo ndipo apige window, si dakika moja kabla. Flashi moja ipeleke kwa katibu wa baraza mapema, umweleze ni nini na ilirekodiwa lini na nani. Uzito wake wataupima wao, lakini wasije wakaiona kwa mara ya kwanza siku ya kikao. Na Efrazia aende naye barazani. Yeye anaweza kusimama akasema, "Huyu ni baba yangu fulani bin fulani." Wewe huwezi kusema hivyo, na baraza litataka kusikia jina. Hilo hukulifikiria, sivyo?

Theodory naye muombe radhi. Mwambie ulikuwa unaijua na hukuweza kuisema. Ni kijana wa huku, ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Umeniomba nifiche jina lako na nimelificha, na ya wengine nimeyabadilisha. Lakini flashi ya bluu sikuibadilisha rangi. Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumatatu. Gazeti litatoka Alhamisi, Ijumaa litakuwa Basotu, na samaki wa Basotu, kama unavyojua, hufungwa kwa gazeti hili hili. Una siku tatu za kumfikia wifi yako kabla sijamfikia mimi.

Na siku hiyo mkiwa dukani, sauti ya mzee ikianza kutoka, usimsemeshe Efrazia. Uwe umetoka nyumbani na kibuyu cha maziwa, umimine kwenye kikombe kizuri, umpe kwa mikono miwili, kisha umwache amsikilize baba yake.