Kezia Hatakuja Kusikiliza Mawe Yako

Papa,

Wengine huanza barua kwa "mpendwa". Nimelitafuta neno hilo tangu asubuhi nikalikosa, basi pokea hivyo hivyo.

Ujumbe wako wa sauti kutoka Kigoma umefika. Mwenyewe sikuusikia, maana simu kwangu siku hizi ni mvumo tu. Kezia, mjukuu wako, ndiye aliyenirudilia neno kwa neno, nikimtazama mdomo. Mtoto wa miaka kumi na mmoja ilibidi aniambie mwenyewe kwamba unamtaka huko kwako.

Unaikumbuka mashine ya kusaga pale Kinama, hapa Bujumbura, kabla hujaipakia botini ukaondoka nayo kwenda Kigoma? Nilikuwa na miaka tisa uliponisimamisha kando yake. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza mawe yake ya kusagia. Yakibanana, sauti inakuwa kali na unga unanuka kuungua. Yakiachana, inakuwa nzito na unga unatoka na chenga. Mimi nilikuwa nikiinua mkono kabla wewe hujajua lolote, nawe unakaza au unalegeza. Ukawa unajigamba mbele ya akina mama na mabeseni yao ya muhogo: "Huyu mutoto ana sikio, si muchezo." Nami nikavimba kichwa. Nilikupenda sana siku hizo, Papa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama alinitia pamba masikioni. Ukaichomoa mbele ya watu kwa vidole vyako vyenye unga, eti pamba itakuharibia kazi. Jioni nilipokuambia masikio yameziba na yanalia, ulinijibu, "Sikio halizidi kichwa. Lala, kesho yatafunguka." Na kesho yake yalifunguka kweli. "Umeona? Yamezoea." Miaka saba ulinilisha maneno hayo.

Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Jabe na Kezia. Watu wanapiga bei, redio zinagombana, nami natembea zangu na kikapu. Nilipogeuka mtoto hayupo. Nikamkuta nyuma, amesimama penye visamaki vya ndagala, machozi yanamtoka. "Mama, nimekuita mara tatu. Nilizani umenikasirikia." Hapo ndipo nilipoona aibu na kwenda kwa dokta wa masikio.

Alinichorea kwenye karatasi. Akasema kila mtu anajua kuna mishipa inayopeleka sauti kichwani, ila wachache wanajua kuna mingine inayorudi, kutoka kwenye ubongo kwenda ndani kabisa ya sikio. Kelele zikizidi, ubongo hupitisha amri humo: punguza. Vijiseli vinavyokuza sauti vinatulia, sikio linapoa kidogo, na sauti ya mtu unayemtaka inajitokeza katikati ya zogo. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikilisikia jina langu ukiniita huku mashine inanguruma. Kumbe si uhodari wako wala wangu.

"Lakini mama, hiyo ni ya kusaidia tu," dokta akaniambia. "Haiwezi kushinda mashine siku nzima, kila siku." Vile vijiseli vimekufa, na vikifa havioti tena. Ubongo hata ukitoa amri, wa kuipokea hayupo. Kwa hiyo masikio yangu hayakuzoea kitu, Papa. Yalikuwa yanakufa kidogo kidogo, na wewe ukayasifu.

Nilirudi nyumbani na swali moja: je, ulijua? Nilitaka sana uwe hukujua. Mtu asiyejua anasameheka, na hata pamba ile ningekusamehe. Kisha ukaja ujumbe wako. Kezia alisema unapiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, nikaelewa kabla hajamaliza. Wewe mwenyewe umekuwa kiziwi. Ukalitamka waziwazi: "Mawe siyasikii tena, unga unaniharibikia, wateja wanakimbia. Nitumie huyo mutoto, ana sikio kama lako lile la zamani."

Lile la zamani! Kwa hiyo unajua kwamba la sasa halipo. Unajua lilikokwenda, maana na lako limekwenda huko huko. Na bado unaomba lingine. Huna haya, Papa.

Kezia alifurahi, hilo nalo ulijue. Alishaanza kukunja nguo zake, anataka kumuona babu na upande wa pili wa ziwa. Nilimketisha nikamweleza kila kitu, hata ile karatasi ya dokta nilimuonyesha. Halafu akaniuliza kama babu alinipenda. Nilimjibu kwamba ulinipenda, na kwamba ulinihitaji zaidi ya ulivyonipenda. Akazirudisha nguo kabatini mwenyewe, bila kuambiwa.

Usipige simu, sitasikia, na yeye nimemkataza kupokea. Boti zinakuja Bujumbura kila mara. Ukimtaka mjukuu wako, panda moja uje umuone, chakula kitakuwepo. Mashine iuze kwanza.

Mimi,
mwanao uliyemsifia sikio