Siku ya Wanawake, Siku ya Wanaume

Jumatano, 6 Machi
Nesi Telesia amekuja nyumba ya kamati. Leo wanawake, kesho wanaume. Kaka na dada hawasikilizi mambo ya mwili chini ya paa moja. Akasema matiti, akasema kizazi. Tiale wangu alikuwa katikati yetu akisuka mkeka, kama afanyavyo tangu utotoni. Nilimzaa mvulana, akakua binti – fa'afafine, ndivyo tunavyowaita hapa Samoa, kijiji chote kinajua. Akapiga kelele: "Nesi, kizazi changu nimekisahau nyumbani!" Wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Anakaa upande upande. Juzi nilimbana, akasema ana uvimbe pale chini, nisimwambie mtu.
Somo zima, hakuna neno hata moja la mwili wake! Wa kumweleza ni baba yake, naye yuko Auckland. Nikipiga simu nasikia mashine tu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemsihi aende kwa wanaume. "Wanizomee? Bora nife na mkeka wangu, Mama." Nife! Kirahisi hivyo.
Nikaenda mimi. Birika la kakao mkononi, eti nawahudumia, nikajibanza kwenye nguzo. Nesi anasema: uvimbe mgumu kama mbegu ya kakao, hata usipouma, njoo. Ukiwahi unapona. Chifu mmoja akaniona. "Mama Tiale, umekuja kuchagua mume mpya?" Kicheko. Nikamimina bila kutazama – nikamuunguza mchungaji kidole.
Jioni nikamweleza Tiale. Akaziba masikio. Mambo hayo, kutoka kwa mama yake!

Jumamosi, 9 Machi
Nimesimama kwenye kamati. Mimi! Nikaomba nesi arudi, atufundishe yote, ya kike na ya kiume. Mama Oliana, mwenyekiti: "Ya wanaume tuyafanyie nini, dada? Tuyapike?" Nikasema, Tiale anakaa huku. Mikeka yake mnaitaka, harusini mnamtaka, mwili wake afundishwe na nani?
Kisha wakakubali.
Lakini Tiale alikuwepo. Akakunja mkeka, akatoka. Yuko kwa shangazi yake. Nilimtaja kwa nini, jamani? Nyumba hii imekuwa kubwa mno.

Jumapili, 10 Machi
Nimepika magimbi ya watu wawili. Mazoea.

Jumanne, 12 Machi
Nesi karudi. Nilimtandikia Tiale kando yangu. Hakuja. Nesi hakusema wanaume wala wanawake. Alisema "mwenye kizazi", akasema "mwenye korodani, avae suruali avae gauni". Mama Oliana alikohoa – halafu ndiye aliyeuliza maswali mengi!
Nyumba zetu hazina kuta. Nikamwona Tiale nje, chini ya mshelisheli, ametugeuzia mgongo, anasuka. Nesi alipofika kwenye uvimbe na mbegu ya kakao, mikono yake ikasimama. Tulipomaliza hayupo.
Sasa jioni. Nilikuwa nachambua kakao, mara huyo kaingia. Hajanisalimia. Kaketi, kachota mbegu bakulini, anazibonyeza moja moja.
"Mama, nesi alisema mbichi au iliyokauka?"
Nimeshika kalamu ili nisimtazame usoni. Bado anabonyeza –