Nzi wa Kijivu Kwenye Kofia

Nyakato, Mwanza
Alhamisi jioni

Kwako mama yangu,

Shikamoo mama. Naamini barua hii itakukuta umekaa vizuri, goti limepunguza maumivu, na ile dawa ya macho hujaigawa tena kwa majirani. Mimi ni mzima. Kikohozi kiliisha kwa tangawizi yako, na chumba changu hakivuji tangu mama mwenye nyumba alipokubali kubadilisha bati. Nisalimie baba mdogo na wote walioko hapo Bujora. Na yule jogoo mweusi unayenitunzia, mwambie sijamsahau, ingawa najua yeye angependa nimsahau.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Mama, simu yako inaongea na kijiji kizima. Nikianza kukuambia jambo, Kija wa dukani anaweka sauti ya nje ili usikie vizuri, na kabla sijamaliza shangazi ananijibu kutoka jikoni. Jambo la leo ni la macho yako peke yako. Ndiyo maana nitamkabidhi Kija bahasha akija mjini kesho kuchukua mzigo wa duka, nitaibana kwa gundi pande zote, na nitamwambia akiifungua nitajua. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Kazi kwa Bwana Kushal inaendelea. Bado niko kaunta nauza nyavu, kamba na ndoano kama unavyojua, lakini jioni nina kazi nyingine ambayo sikuwahi kukueleza vizuri. Mara zote ulipouliza manyoya ya jogoo ni ya nini, nilikujibu ni ya kuvulia, nami nikaona jibu hilo limetosha. Kumbe halikutosha. Bwana Kushal anapenda kuvua kwa namna ya peke yake: hatumii minyoo wala dagaa, anatumia nzi wa kutengeneza. Unachukua ndoano ndogo, unaibana kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, unaivisha unyoya, uzi na singa za mnyama mpaka samaki akiiona majini adhani ni mdudu. Mikono yake siku hizi inatetemeka, akanifundisha mimi. Wageni wanaokuja kuvua kwenye miamba huwanunua nzi hao kwetu dukani.

Nikuambie ukweli, naipenda kazi hii kuliko nilivyotegemea. Vitabu vya Bwana Kushal vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na nzi wao ni wa samaki wa huko. Sato wetu anaishi kwenye maji ya uvuguvugu, mchana amejibanza kwenye vivuli vya mawe, na ukimtupia kitu asichokijua anakitazama tu kama mteja asiye na haja ya kununua. Ilibidi nianze upya. Nilikaa ufukweni nikiangalia wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kutoka chini ya maji kabla hawajaruka na kuwa wingu, nikajaribu kuwafunga kwa kila kitu. Manyoya ya shingo ya jogoo wako, singa za mkia wa ng'ombe, za mbuzi kutoka buchani, uzi mwekundu wa cherehani. Precious, yule tunayemposa, alinipa rangi yake ya kucha, isiyo na rangi, kwa ajili ya kuzibia fundo lisifunguke. Jioni nyingine alikuwa anakaa mlangoni akiwapaka nzi vichwa, nami nafunga, na tulikuwa na furaha.

Sasa mfikirie Mama Dorcas, mwenye nyumba wangu, anapita dirishani na fagio. Anaona nini? Kijana asiye na mke, amejifungia na taa, mezani kuna manyoya ya jogoo mweusi, nywele za wanyama kwenye vikopo, uzi mwekundu, wembe, na kitu kidogo kilichobanwa kwenye chuma anachokizungushia uzi huku midomo inacheza. Nilikuwa nahesabu mizunguko, mama. Yeye aliona nanuiza. Alimwambia mwenzake mmoja wa kwaya, kwa siri, na siri ya kwaya unaijua. Jumapili ilipofika Nyakato nzima inajua kwamba Shimba ni mganga, na kwamba jogoo wake mweusi anatoka Bujora kwa mama yake.

Hapo kwenye mama yake ndipo niliposhtuka. Mimi niitwe jina lolote, nitavumilia. Lakini najua huku kwetu mama mzee mwenye macho mekundu kwa ajili ya ugonjwa, akishatajwa namna hiyo anatazamwaje. Nilikosa usingizi kwa ajili yako kabla sijaanza kuukosa kwa ajili ya posa.

Na posa nayo ilitikisika. Baba yake Precious, Mzee Yeremia, ni mzee wa kanisa, na barua yetu ya posa ilikuwa bado mezani kwake haijajibiwa. Alikuja chumbani kwangu pamoja na Mama Dorcas, amevaa suti na ile kofia yake ya pama, ameshika Biblia. Hakuja kwa kelele. Aliomba nitoe kila kitu kimoja kimoja, na kila nilichotoa aliuliza kimetoka kwa mnyama gani na kinafanya nini. Nilimweleza. Mwishoni aliiweka Biblia juu ya meza, akaniuliza kama kuna kitu chochote cha mwanadamu ndani ya chumba kile. Niliweka mkono wangu juu ya kitabu, nikasema hakuna.

Mzee Yeremia alisema amesikia, lakini sikio peke yake halimtoshi, kwa hiyo Jumamosi angependa aone kwa macho. Bwana Kushal alituazima fimbo na mshipi, na alfajiri ya Jumamosi hiyo tulikuwa juu ya miamba, yeye, mimi na mkwe wangu mtarajiwa mwenye viatu vya ibada. Mama, nilitupa mpaka bega likaniuma. Sikupata hata samaki mdogo kama furu. Jua lilipanda, Mzee akawa ananitazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko hasira. Nilijua tukirudi mikono mitupu, Mama Dorcas atakuwa ameshinda.

Ndipo akaomba aone kisanduku cha nzi. Yeye ni mtoto wa ziwani, alikulia huko Ukerewe kabla hajahamia mjini, na aliwapitia wote kwa kidole bila haraka. Aliwaacha weusi na wekundu niliokuwa najivunia, akachagua mmoja mdogo wa kijivu aliyekuwa kwenye kona. Akasema huyu ndiye anafanana na wale wadudu wanapopanda, maana mwili wake umejikunjakunja na utashika vipovu vya hewa. Nilimwambia yule ni wa majaribio, achague mwingine. Akaniambia nimfunge huyo huyo, na fimbo akaichukua yeye.

Alitupa vibaya sana, mshipi ukamzunguka kofia, na Bwana Kushal akageukia upande wa pili ili asionekane anacheka. Mara ya pili nzi aliangukia pembeni ya kivuli cha jiwe. Fimbo ikapinda. Mzee Yeremia alipiga magoti na suti yake, akavuta, akaachia, akavuta, na alipomtoa sato yule, alikaa chini juu ya mwamba akacheka mpaka akafuta machozi. Sijawahi kumwona mzee wa kanisa akicheka hivyo. Alimchomoa yule nzi, akamchomeka kwenye utepe wa kofia yake, na Jumapili baada ya ibada alisimama nje akawaonyesha watu, akasema chumbani kwa Shimba kuna vifaa vya kuvulia na si kitu kingine, na atakayemtaja tena mama wa Bujora aje azungumze naye. Maneno yakaisha. Mama Dorcas aliniletea maandazi.

Ningeweza kuishia hapo, na wewe ungelala vizuri. Lakini tangu siku ile Mzee amekuwa anakuja kuvua nami kila Jumamosi, na hataki nzi mwingine ila wa kijivu. Nilikuwa nao wachache, wakapotelea kwenye mawe mmoja baada ya mwingine. Akaniomba nifunge wengine. Nikasema singa zimekwisha. Akauliza ni za mnyama gani ili anitafutie, nikasema sikumbuki. Basi, mama, mzee wa watu alianza kuzunguka kwenye mabucha ya Nyakato na kofia mkononi, akiwaonyesha wauza nyama yule nzi mmoja aliyebaki, akiuliza ni mbuzi wa wapi ana manyoya ya namna hii. Alifika mpaka Usagara siku ya mnada. Kila mchinjaji alitazama, akasema hakuna mbuzi wa hivyo, wala kondoo. Precious alinisimulia kama kichekesho, na mimi nilishindwa kucheka.

Mama, unakumbuka ulipokuja kutibiwa macho, joto likakuzidi, ukaniomba nikukate nywele zote kwa mkasi. Ulikaa kwenye kile kigoda changu mlangoni. Nilipomaliza uliniambia nizikusanye zote, nisiache hata moja ipeperuke, nikazifukie ardhini mahali pasipokanyagwa, kwa sababu nywele za mtu hazitupwi ovyo. Nikaitikia. Sikuzifukia. Nilizitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka, nikaliweka nyuma ya vitabu.

Kwa nini, hata mimi nimejiuliza. Nilikuwa nimeziona kichwani mwako kila siku chini ya kitambaa, lakini ziliponijaa mikononi ndipo nilipoona zimejaa mvi kiasi gani. Nilisikia huzuni kubwa, kwamba umezeeka na mimi niko mjini nauza nyavu. Nikashindwa kuzitia udongo. Nilihisi nitakuwa nakuzika. Baadaye, jioni moja nilipokuwa nahangaika na mwili wa yule mdudu, nilijaribu kidogo tu, nione. Hakuna singa ya mnyama iliyokaa vizuri namna ile kwenye ndoano. Kwa hiyo Mzee Yeremia aliponiuliza mbele ya Biblia, kopo lilikuwa nyuma yake, na mimi nilijua.

Jumamosi iliyopita nilimwambia. Nilimwambia tukiwa palepale kwenye miamba, na nilimwambia kabla hajafunga mshipi. Alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, akamgusa yule nzi kwa kidole. Nilitegemea atamtupa ziwani na mimi nimfuate. Alisema nywele zenyewe hazimtishi kama ule uongo niliousema mkono ukiwa juu ya Biblia, na kwamba huo nitauungama mimi mwenyewe mbele ya wazee wenzake, naye atakuwa amekaa pale asikilize. Nimekubali. Halafu akasema kuhusu nywele, si yeye wala mimi mwenye neno, kwa sababu mwenyewe yuko hai.

Ndiyo maana nakuandikia kwa haraka. Mzee Yeremia anakuja Bujora Jumamosi hii. Amesema anajua kwamba kwa desturi upande wa mwanamke haufungi safari kwenda kwa mwanamume, lakini yeye alisimama mbele ya watu akiwa amevaa nywele zako kichwani, na hawezi kurudi nyumbani kwake kukaa kama hajakuona. Atakuuliza kama ulinipa. Barua yetu ya posa ataijibu akitoka kwako, na sijui ataijibu vipi. Precious naye hajui. Ameniambia yuko pamoja nami, ila ameacha kuja kupaka vichwa vya nzi mpaka jambo hili liishe, na ana haki.

Kuna aliyenishauri nikuombe useme kwamba ulinipa kwa hiari yako, mambo yaishe. Barua ya kwanza niliiandika hivyo. Nimeichana. Hukunipa, mama. Uliniamini nizifukie, na mimi nilizichukua. Akikuuliza, sema hivyo hivyo, hata kama nitampoteza Precious kwa neno lako, na moyo wangu unaniuma sana kuandika mstari huu. Ukitaka kunikemea mbele yake, nikemee. Ukitaka nzi yule achomwe moto, Mzee ameahidi atamchoma mwenyewe hapo uani kwako. Ukitaka vinginevyo, hilo nalo ni lako, lakini usikubali kwa ajili ya kunihurumia mimi.

Mkaribishe vizuri. Anapenda chai isiyo na sukari nyingi, na hali chakula kabla ya sala. Jogoo mweusi asichinjwe, maana maskini nimeshamnyonyoa shingo mara tatu na ametulipa vya kutosha. Tafuta kuku mwingine. Msalimie shangazi, na mwambie awe jikoni kweli siku hiyo, asisimame nyuma ya mlango. Nisamehe mama. Nakupenda, na Mungu akulinde na macho yako.

Zilizobaki kwenye kopo nimezikunja kwenye karatasi nyeupe ndani ya bahasha hii. Ni zote. Zinazokosekana ni zile zilizobaki kwenye mawe ziwani, na zile kidogo zilizo kwenye kofia, na hizo anakuletea mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Shimba